Wingu Moja na Sifuri Kumi na Sita

Nyambureti,
6 Oktoba 2024

Mwanangu Ghati,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, ila barua zako zinavyochelewa nimeona nianze kuitikia mapema.

Huku hatujambo. Mama yako mdogo Teresia anasumbuliwa na goti, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Jumanne tembo walitoka porini wakala mihogo yote ya jirani yetu Mniko, yetu wakairuka. Sasa Mniko ananisalimia kwa mbali, anadhani nina dawa. Nimemwambia tembo wanaheshimu walimu wastaafu. Hakucheka.

Masikio yangu yamekwisha kabisa, kwa hiyo simu ni ya Mama mdogo. Meseji za simu nazo herufi zake ni kama mayai ya chawa. Mimi karatasi tu. Sanduku la posta ni lile lile la duka la Faridu pale Mugumu, na Faridu bado anatangaza bahasha mbele ya wateja: "Norwe! Mwalimu Melkiori ana barua ya Norwe!" Mara ya mwisho niliuziwa sukari kwa heshima.

Sasa tuje kwenye habari yenyewe. Nimesikia masomo yameisha na umepewa kazi ya kutabiri dhoruba za majira ya baridi huko pwani yao ya kaskazini. Hongera sana. Lakini nina lalamiko. Nilikuchukua ukiwa na miaka sita, marehemu kaka yangu alipotuacha, nikakufundisha kupima mvua kwenye kile kipimo cha shuleni, kila siku saa tatu asubuhi, nikitegemea siku moja utaniambia lini nipande mahindi. Badala yake umekwenda kuwaambia Wazungu lini wavae makoti. Wanavaa mwaka mzima! Nani hapo anahitaji kuambiwa?

Niandikie, na usinifiche kitu.

Baba yako mdogo,
Mwl. Melkiori (mstaafu, ila si sana)

*

Skarvnes,
2 Novemba 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Hiyo ni ya ile marahaba uliyoitikia mapema. Ya leo ni hii: shikamoo tena. Mama mdogo mwambie goti alikande kwa maji ya chumvi, na Mniko mwambie nami namwonea huruma, maana yule ndiye aliyenifundisha kuiba mihogo yenu.

Skarvnes ni mji wa wavuvi, watu mia sita hivi. Nyumba ni za mbao, zimepakwa rangi nyekundu, na nyingine zimefungwa kwenye mwamba kwa nyaya za chuma ili upepo usiondoke nazo. Tarehe ishirini na tano mwezi huu jua litazama na halitachomoza tena hadi katikati ya Januari. Usimsimulie Mama mdogo, ataanza kuniombea kwa sauti.

Ofisini tuko wanne. Mkuu wetu ni mama mmoja anaitwa Torill, ana miaka sitini, na sijamwona akitabasamu ila kwa ramani mbaya. Kila asubuhi mmoja wetu anaangalia picha za setilaiti na hesabu za kompyuta, kisha anaandika karatasi ya hali ya bahari na kuisaini jina lake. Inabandikwa bandarini na kusomwa redioni. Wavuvi wakishaisoma ndipo wanaamua watoke au wakae.

Wiki iliyopita nilisaini ya kwanza peke yangu. Nikatangaza dhoruba kubwa. Shule ikafungwa, kivuko kikafungwa, kondoo wakaingizwa zizini. Baba mdogo, halikutikisika hata jani! Dhoruba ilikunja kona ikapita kusini. Jua likawaka, watu wakakaa nje wakila aiskrimu. Kesho yake naingia dukani, mvuvi mmoja mzee anaitwa Arvid akarukia rafu ya makopo akaishikilia kwa mikono miwili, eti anapeperushwa. Duka zima likacheka. Nami nikacheka. Halafu nikaenda nyumbani nikalia mpaka pua ikavimba.

Mwanao,
Ghati

*

Nyambureti,
1 Desemba 2024

Mwanangu Ghati,

Marahaba. Shikamoo zako mbili zimefika, nyingine ninayo akiba. Mvua za vuli zimeanza vizuri. Mama mdogo amekanda goti kwa chumvi na sasa analalamikia chumvi.

Huyo Arvid nimempenda bila kumwona. Nimemsomea Mama mdogo kipande cha rafu, akacheka hadi akashika mlango, halafu akanikemea kwamba mtoto analia na mimi nacheka. Alianza yeye.

Usijali sana. Mwaka 1991 niliwatangazia wazazi hapa kwamba siku ya mahafali haitanyesha. Tulikula pilau kwa kijiko cha supu. Mpaka leo kuna watu wakiniona nimevaa shati jeupe wanaanua nguo. Lakini kesho yake saa tatu nilikwenda kupima kama kawaida, kwa sababu kipimo hakijui aibu yako.

Kumbuka nilivyokufundisha. Sifuri nayo ni kipimo: umekwenda, umetazama kwa macho yako, hakuna tone, basi andika sifuri. Hukwenda? Chora mstari, kila mtu ajue hukupima. Watu wengi wanaona haya kuchora mstari. Wewe usione. Anayekwambia haya ni mtu aliyepima miaka thelathini bila kukosa hata siku moja.

Basi kula, uvae, na ukimwona Arvid mpe salamu zangu, mwambie na huku tuna rafu.

Baba mdogo

*

Skarvnes,
9 Januari 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Mimi sijambo. Nawatakia mwaka mpya wenye baraka. Ninatuma soksi jozi tatu za sufu. Mbili za Mama mdogo za kuvaa usiku, moja yako. Zikikupwaya zipe maji moto.

Nilikuwa nauliza, je, pale sekondari kwenu bado wanahitaji mwalimu wa jiografia? Na nikija mwezi wa sita, kile chumba changu bado kina paa? Nimewaza tu. Huwezi kukaa ugenini milele.

Wasalimie wote.

Ghati

*

Nyambureti,
10 Februari 2025

Mwanangu Ghati,

Marahaba. Soksi zimefika. Mama mdogo anazivaa na kandambili, anakwenda nazo kisimani kuwaringishia wenzake. Yangu moja ameichukua pia, anasema goti lina baridi zaidi.

Sasa wewe. Nimeisoma barua yako mara nne, nikaigeuza, nikaiweka juani. Mtabiri wa hali ya hewa, yuko pwani yenye dhoruba, mwezi Januari, ameniandikia habari za soksi! Hakuna upepo humo, hakuna theluji, hakuna Torill, hakuna Arvid. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekuandikia kwa wino mwekundu: "Jibu swali."

Chumba chako kina paa. Ndani kuna magunia ya mtama na kuku mmoja anayeatamia, lakini ukija atahama. Sekondari wanahitaji walimu, wanahitaji tangu dunia iumbwe. Mlango uko wazi, mwanangu, siufungi. Ila nataka kujua mtu anayekuja hapa anakuja au anakimbia. Nilikufahamu ukivunja chungu: ulikuwa unafagia uwanja wote bila kutumwa. Hii barua yako imefagiwa mno.

Kuna nini?

Baba mdogo

*

Skarvnes,
6 Machi 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Wewe ni mtu mbaya sana. Nimekasirika siku mbili, leo ninaandika. Mama mdogo asisomewe hii.

Tarehe kumi na nne Desemba zamu ilikuwa yangu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niliona kwenye picha ya setilaiti kawingu kadogo, kamejikunja kama ukucha, mbali huko baharini. Hapa kuna dhoruba ambazo huzaliwa ghafla, hewa ya barafu inapotelemka ikakuta maji yenye uvuguvugu. Ni ndogo, kompyuta mara nyingi haizioni, na zinakuja kwa hasira. Kompyuta siku hiyo haikuwa na kitu. Nikalitazama lile wingu, nikaliona duka zima likinicheka. Nikaandika "upepo wa kawaida". Nikasaini.

Arvid alitoka saa tatu na mashua yake, peke yake. Saa saba dhoruba ikafika. Mashua ilivunjikia kwenye miamba, naye akang'ang'ania jiwe kwa saa tano katika theluji na mawimbi mpaka walipomtoa. Amekatwa vidole vitatu vya mguu. Mashua ilikuwa na jina la marehemu mke wake.

Kila mtu ananiambia si kosa langu, kompyuta haikuona. Wameniletea keki, Baba mdogo. Torill ameandika taarifa kwamba dhoruba "haikuonekana kabla", na mimi kama mwenye zamu natakiwa kuisaini kabla ya tarehe thelathini Aprili. Sijamwambia mtu yeyote kwamba niliona. Nikisaini, yamekwisha. Nikisema, labda sitafanya tena kazi hii, na Arvid atajua.

Nisaini? Na tafadhali usinijibu kwa methali.

Ghati

*

Nyambureti,
2 Aprili 2025

Ghati mwanangu,

Marahaba. Pole. Pole sana, na umpe pole Arvid, hata kama hajui inatoka wapi. Nilipomaliza kusoma nilikwenda kukaa shambani mpaka Mama mdogo akatuma watu kunitafuta.

Hutaki methali. Vizuri, kwa sababu ninachokuandikia hakina methali. Naona aibu hata kuushika huu wino.

Miaka thelathini bila kukosa siku ni uongo. Nilikosa siku kumi na sita.

Ilikuwa Aprili 1994, likizo ya Pasaka. Watu walikuwa wanarudi kutoka Nyamongo na dhahabu, au walisema wanayo. Nikamwambia Mama mdogo nakwenda semina ya walimu Tarime. Nikaenda Nyamongo kuchimba. Mwalimu mzima, na chepeo! Tarehe tano hadi ishirini nilikuwa ndani ya shimo na vijana waliokuwa wananiita "Sir" wakicheka. Nilichopata ni malengelenge na kuhara.

Niliporudi fomu ya mwezi ilikuwa inasubiri kutumwa ofisi ya hali ya hewa Musoma. Siku kumi na sita tupu. Kuchora mistari kumi na sita ilikuwa ni kusema sikuwepo, na Mama mdogo angeuliza, na mkuu wa shule angeuliza. Kubuni mvua niliona ni uongo. Basi nikaandika sifuri. Unaona akili ilivyo? Niliona sifuri si uongo, kwa sababu ni kama hujaandika kitu. Kumi na sita, zimejipanga, katikati ya masika, na ndani ya siku hizo hizo daraja letu lilichukuliwa na maji! Hakuna aliyeuliza. Baadaye nikapewa cheti cha uaminifu. Ndicho kile kilichotundikwa sebuleni. Najua ulifikiri nakipenda, maana nilikuwa nakitazama sana. Nilikuwa nasubiri kianguke.

Kwa hiyo sina mdomo wa kukwambia usisaini. Ninakwambia tu inavyokuwa ukisaini: hakuna radi inayopiga. Unakula, unalala, unasifiwa, na kila ukisifiwa unajisikia mdogo. Hivi ni miaka thelathini na moja.

Nimeandika barua ya kukiri kwa ofisi ya Musoma. Ipo mezani chini ya Biblia, ina siku tatu, siipeleki. Naogopa watanicheka, mzee wa miaka sabini na mbili. Basi tuko wawili waoga, mmoja kwenye joto na mmoja kwenye barafu. Tuone nani atatangulia. Mimi nakuonya, mbio sijaziweza tangu zamani.

Akupendaye,
Baba mdogo

*

Skarvnes,
12 Mei 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Barua yako imefika tarehe sita Mei. Siku ya mwisho ya kusaini ilikuwa thelathini Aprili. Kwa hiyo ujue mapema kwamba hukunisaidia. Au ulinisaidia, ngoja nikueleze.

Tarehe ishirini na nane nilikaa na kalamu mkononi, taarifa mbele yangu. Nikawaza: Baba mdogo alipima miaka thelathini bila kukosa hata siku moja, mimi miezi miwili tu nimeshindwa? Nikaiweka kalamu. Siku nane baadaye ndiyo inakuja barua ya chepeo! Mungu anakuona. Umenifanya niseme kweli kwa uongo wako.

Nilikwenda kwanza kwa Arvid, kabla ya Torill. Nilimkuta anamenya viazi, mguu uko juu ya stuli. Nikamwambia nililiona wingu. Akauliza saa ngapi. Nikasema saa kumi na mbili na nusu. Akasema, "Saa ile nilikuwa hapa hapa, nakunywa kahawa." Akaendelea kumenya. Alimenya sufuria nzima. Halafu akauliza kwa nini sikuandika. Nikamwambia, "Niliogopa utaishikilia tena ile rafu."

Akaweka kisu chini, akanitazama muda mrefu sana. Baba mdogo, sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ile tembo walipopita nyuma ya choo nikiwa ndani. Hakusema amenisamehe. Aliniambia viazi ni vingi, nikae nile. Nikala huku nalia, naye akanisogezea chumvi, nadhani ni kwa makusudi.

Kesho yake nikamwambia Torill mbele ya wote. Akauliza ni nani mwingine amewahi kuona kitu kama hicho asiandike. Mikono miwili ikainuka, na wa pili ulikuwa wake. Taarifa imebadilishwa: "Lilionekana, halikuandikwa." Jina langu lipo. Sitaruhusiwa kusaini peke yangu mpaka msimu ujao wa baridi, na mjini wapo wasionisalimia. Inauma. Lakini usingizi umerudi, na nimeamua kubaki. Kuku wako aendelee kuatamia.

Haya, mimi nimetangulia. Ile barua iliyo chini ya Biblia ipeleke, bwana. Ukiituma kwa posta sikubali. Nenda mwenyewe.

Mwanao,
Ghati

*

Nyambureti,
15 Juni 2025

Mwanangu Ghati,

Marahaba, marahaba, na ile ya akiba nayo nakurudishia, leo ningekuamkia wewe kama isingekuwa mila.

Jumatano nilivaa shati jeupe (watu wakaanua nguo) nikapanda basi mpaka Musoma. Ofisini nilipokewa na binti mmoja wa Tanga, anaitwa Ummy, mpole, ananiita babu na kuniandikia kwenye karatasi kwa ajili ya masikio. Nikampa barua yangu. Akaisoma akiwa amesimama. Akakaa akaisoma tena. Mimi nilisimama wima kama mtu wa darasa la kwanza. Akaenda chumba cha nyuma, akakaa sana, nikajua anaita polisi. Akarudi na faili la vumbi, akalifungua Aprili 1994.

Sifuri zangu zipo, Ghati. Zote zimekatwa kwa penseli nyekundu. Na pembeni yake, kila siku, kuna namba: 12.5, 31.0, 4.2, 58.6 siku ya daraja. Zimetoka kwenye karatasi ya daftari iliyotumwa baadaye na kubanwa hapo kwa pini ambayo imekwisha kushika kutu. Mwandiko naujua. Juu imeandikwa: "Mwalimu amesafiri. Nimepima mimi mke wake, kila siku saa tatu, kwa glasi yake. Hizo sifuri zisitumike. Teresia."

Mimba ya mwanetu Athanas ilikuwa na miezi saba. Alikwenda mpaka shuleni kwenye ile mvua siku kumi na sita, ili nikirudi nisiwe na pengo kwenye fomu yangu. Mimi nikarudi, nikakaa mezani mbele yake, nikajaza sifuri bila hata kumuuliza kama ilinyesha. Sikujua kwamba anaweza kusoma kile kipimo. Sikuwahi kumruhusu akiguse.

Ummy alinipa chai. Ikapoa mezani.

Nimefika nyumbani jioni. Yuko jikoni, amekaa na zile soksi zako, anachambua mboga. Nilisimama mlangoni, nikamwambia yote, toka semina ya Tarime mpaka penseli nyekundu. Nikalia, sifichi. Nikamuuliza kwa nini miaka yote hii hakusema kitu. Aliniandikia jibu kwa kidole kwenye unga uliokuwa kwenye ungo: "Nilikuwa nakusubiri."

Halafu akafuta, akanisogezea kigoda, akanipa mkono kama mtu anayempokea mgeni kutoka safari. Nikamsoma midomo, maana hiyo bado naiweza.

"Karibu, Mwalimu," akasema. "Za Nyamongo?"

Baba yako mdogo,
Melkiori